Tone Katika Dumu

Chilangala, Newala
8 Novemba 1992

Mjomba Ladislaus, shikamoo.

Tangu juzi nimekaa na sauti moja, na nisipoianza barua nayo sitaweza kuandika hata salamu. Ni sauti ya tone. To. Kisha kimya, kiasi cha mtu kuvuta pumzi na kusahau kuitoa, kisha to tena. Wewe umezaliwa hapa, unajua sauti hiyo ina maana gani mwezi wa Novemba, matangi yote yakiwa yamebaki matope. Fundi Optatus alikuwa akipita na baiskeli yake. Alishuka, akaingia uani bila hodi, akauliza, "Mama Ladislaus, mmepata maji wapi?" Bibi akamjibu kwamba si maji, ni mjukuu wake anafundisha uraka, pombe yake ya mabibo, kutembea polepole.

Sasa salamu. Bibi hajambo isipokuwa goti, ambalo anasema linangoja mvua kama mikorosho. Mikorosho yetu imezaa vizuri kuliko miaka mitatu iliyopita, ugonjwa wa ubwiri umepungua, na wanunuzi wenye magari yao wamekwisha kufika mpaka Makote. Chuo cha ualimu kimenijibu: nafasi ninayo, tunaanza Aprili. Nimesoma barua hiyo mara nyingi hadi imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Mama Mabel na watoto wasalimie mmoja mmoja.

Mzigo wako ulifika, Haji kondakta aliuleta mpaka mlangoni. Ile faneli ya kioo yenye matundu ubavuni ni kitu cha ajabu. Uraka ukipita unavuta hewa, na ule ukakasi wa mabibo unaokamata koo unapungua kabisa. Kizibo chenye pampu ya kunyonya hewa nimekijaribu kwa chupa mbili. Iliyozibwa ilifika siku ya tatu bila kuchacha. Bibi alionja zote, akatoa hukumu: "Faneli ni kweli. Pampu ni mchezo wa watoto wa Ladislaus."

Lakini mimi nimetengeneza changu. Nimechukua chungu cha zamani, nikakitoboa kitakoni, nikapanga ndani kitambaa cha pamba, mkaa uliotwangwa, na mchanga safi wa Ruvuma ambao Optatus alibakiwa nao alipomaliza kujenga tangi letu. Uraka unamiminwa juu, unatoka chini tone moja moja na kuangukia ndani ya lile dumu jeupe ulilotuma, lile ulilolitia bomba mwenyewe. Ndiyo sauti niliyokuambia. Unaotoka ni mwangavu kama asali mpya. Mwalimu wangu wa kemia angefurahi kuuona.

Jambo moja. Karatasi ya jina iliyobandikwa kwenye dumu ilikuwa imekwanguliwa kwa kisu, na nilipofungua kifuniko nilipata harufu kidogo, kama ya kitunguu saumu kilichosahauliwa. Nimelisuuza kwa kata mbili za maji. Zaidi ya hapo nisingeweza, ndoo siku hizi tunapanda nayo kutoka bondeni. Awali lilikuwa na nini?

Bibi anaendelea na desturi yake. Anakaa mlangoni, anachota kata ya kwanza, anainywa mbele ya watu mpaka kitako cha kata kionekane, ndipo mwingine anapewa. Uliwahi kunisimulia kwamba ulipokuwa mdogo ulidhani mama yako ana kiu tu kuliko wenzake. Nacheka kila nikikumbuka.

Mpwa wako,
Yuliana


Masasi
20 Novemba 1992

Mpwa wangu Yuliana, marahaba.

Barua yako nimeisomea dukani, nikamsomea na Mama Mabel, tukacheka mpaka wateja wakadhani tumepata bahati nasibu. Sisi wazima. Mabel ameota meno mawili. Nguo za mitumba zinakwenda, vyombo vya plastiki vinakwenda zaidi, na dawa ya mikorosho imekwisha kabla ya msimu kwisha. Ukikumbuka miaka ile tuliyopanga foleni kwa kipande cha sabuni, unajiuliza kama ni nchi ileile. Leo mtu mwenye akili na miguu anaweza kufika Kariakoo na kurudi na dunia nzima katika gunia.

Hongera kwa chuo. Katika ukoo wetu wewe ndiye wa kwanza, na usidhani sisemi kwa watu. Nasema hata kwa wasiouliza.

Sasa sikiliza. Nimemwonjesha bwana mmoja mwenye nyumba ya wageni ule uraka ulionitumia kwa Haji. Alidhani ni divai ya Dodoma. Mimi nikanyamaza, nikamwacha aendelee kudhani. Anataka chupa, na zenye karatasi ya jina. Nimekwisha kufikiria jina: Uraka wa Bibi Isabela, Chilangala. Tarehe 19 Desemba nitawaleteeni wageni watatu wauone huo mtambo wako ukifanya kazi. Jazeni dumu mpaka juu, wasije wakaona tuna kidogo. Waiteni na majirani wachache, uwanja uchangamke. Nawatumia faneli nyingine mbili na glasi ndogo za kuonjea.

Mwambie mama kwamba goti lipakwe mafuta niliyotuma, asiyakaangie mihogo.

Mjomba wako,
Ladislaus


Chilangala
3 Januari 1993

Mjomba, shikamoo.

Bibi hajambo kwa maana ya kwamba anaamka. Mvua zimeanza, tangi limefika nusu. Salamu zimeishia hapo.

Najua ulipewa habari na Haji. Naandika yote hata yale uliyokwisha kuyasikia, kwa sababu nataka yakae kwenye karatasi moja.

Tarehe 19 wageni wako hawakuja, na wewe hukuja. Baadaye tuliambiwa gari liliharibika Nangomba. Majirani walikuwa wamekwisha kukaa, nasi hatukuona vizuri kuwarudisha na koo kavu. Dumu lilikuwa limejaa mpaka juu kama ulivyoagiza, limekaa hivyo siku mbili. Bomba lilikuwa limeziba kwa unga wa mkaa, kwa hiyo nililinyanyua dumu nikamimina kwa mdomoni. Kata ya kwanza alipewa Optatus, kwa kuwa ndiye aliyetupa mchanga. Alisema, "Leo nimekuwa askofu." Aliinywa yote. Wengine walikunywa baada yake. Wawili walitapika na kupona. Optatus alianza kutokwa jasho na mate kabla jua halijawa la utosi. Macho yake yalikuwa madogo kama tundu la sindano, aliniambia uwanja umeingia giza. Walimbeba kwa kitanda mpaka barabarani. Alifariki siku ya pili adhuhuri, hospitalini, mkewe akiwa amemshika mguu.

Siku ile Bibi hakunywa kata ya kwanza. Watu wote waliliona hilo. Siku ya arobaini haijafika lakini maneno yamekwisha kufika: miaka hamsini Isabela hunywa kwanza, mbona siku aliyokufa mtu hakunywa? Alikuwa anajua nini? Watoto waliokuwa wakija kuomba embe sasa wanazunguka nyuma ya nyumba ya Mzee Mahmudu. Jana Bibi alimpelekea Mama Yeremia, mjane wa Optatus, unga wa muhogo katika ungo. Ungo ulirudi na unga wake.

Bibi hajitetei. Mzee Mahmudu kama mwenyekiti wa kijiji alimwita na kumuuliza mbele ya wazee kwa nini hakunywa. Akajibu, "Sikunywa." Akaulizwa tena. Akajibu vilevile.

Nilikuuliza Novemba dumu lilikuwa na nini. Ulinijibu kuhusu glasi, faneli na karatasi za chupa. Nauliza mara ya pili.

Yuliana


Masasi
2 Februari 1993

Mpwa wangu mpendwa,

Pole, pole sana, na mama mpe pole. Nilichelewa kuandika kwa sababu ya barabara na pia nilikuwa Dar es Salaam, kisha Mabel alipata homa, kisha karatasi za leseni ya duka zilinisumbua ofisi moja mpaka nyingine. Optatus alikuwa mtu mwema. Tuliwinda panya pamoja tukiwa wadogo, na yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli kwa kunisukuma kwenye ule mteremko wa Makote na kuniacha. Namwona mpaka leo amesimama juu, anacheka. Hata hivyo, Yuliana, alikuwa na ugonjwa wa moyo tangu zamani, watu wa karibu walijua. Na siku ile kulikuwa na jua kali. Siku za mtu zikiisha zimeisha, hata akinywa maziwa.

Nimewaza sana juu ya mama. Afadhali aje huku. Nyumba ipo, chumba cha nyuma kina dirisha na wavu. Ifungeni hiyo nyumba kwa muda, watu wasahau. Wewe utaingia chuoni Aprili, nami nitakutafutia shuka, ndoo na sanduku la bati. Hayo maneno ya kijiji yakikosa mtu wa kuyasikia yatakufa yenyewe.

Na lile dumu nalo limekwisha kuwa kuukuu. Litupeni katika shimo la choo, kisha fukieni. Vitu vya mauti havikai ndani ya nyumba.

Mimi afya si mbaya, ila usingizi sina. Bomba letu la uani halijatoa maji tangu Krismasi, lakini linavuja. Nalisikia linadondoka, tone kwa tone, mchana nikiwa nimelala kidogo baada ya chakula, hata dukani wakati mwingine. Fundi amekuja mara mbili, amelifungua lote, anasema ni kavu kama mfupa. Mama Mabel anasema hasikii kitu. Nadhani ni panya darini.

Natuma sukari kilo nne, na khanga jozi moja kwa mjane. Usimwambie imetoka kwangu.

Mjomba wako,
Ladislaus


Chilangala
21 Februari 1993

Mjomba, shikamoo.

Bibi anakusalimu. Sukari imefika. Khanga sijaipeleka, imo ndani ya sanduku. Sikujua nimwambie Mama Yeremia imetoka kwa nani.

Nimeisoma barua yako kama nilivyokuwa nikisoma maswali ya mtihani, kwanza yote, kisha sentensi moja moja. Sikukuandikia kwamba nasikia tone. Nimerudia kuikumbuka barua yangu ya Januari neno kwa neno, na neno hilo halimo. Sikuliandika kwa kuwa niliona aibu. Chungu nilikivunja siku ya mazishi, mchanga niliurudisha kwa fundi aliyebaki na kazi za Optatus, na bado nalisikia. To, kisha kimya kile, kisha to. Nalisikia nikichambua mchele. Nalisikia kanisani wakati wa kupiga magoti. Wiki iliyopita nilimuuliza Bibi kama na yeye anasikia. Alikuwa anamenya muhogo, hakuinua kichwa. Alisema, "Ni kata yangu. Bado haijajaa."

Sikulitupa dumu. Nililikata mkono wake wa kushikia kwa msumeno. Ule mkono una uwazi ndani, Mjomba, wewe unayeuza madumu unajua, na maji ya kusuuza hayafiki pale mtu akiwa na kata mbili tu. Ndani kulikuwa na utando wa rangi ya maziwa yaliyoganda, na harufu ileile ya kitunguu saumu, lakini sasa kali mpaka machozi. Novemba nzima dumu halikuwahi kujaa, uraka ulikuwa chini na ulitoka kwa bomba la chini. Tarehe 19 ulifika mpaka ndani ya mkono, ukakaa humo siku mbili ukilainisha ule utando. Nilipoinamisha dumu, wa kwanza kutoka ulikuwa ule wa mkononi. Ukaingia wote ndani ya kata moja.

Nimemwonyesha bwana shamba wa hapa bila kumwambia limetoka wapi. Alinusa mara moja tu, akarudi nyuma, akasema ni dawa ya mikorosho ya maji, ile kali, na akaniuliza mtoto gani ameichezea.

Sasa lililo zito. Wazee wamekubaliana. Mganga kutoka ng'ambo ya Kitangari ataletwa Jumamosi tarehe 13 Machi. Bibi atakalishwa kwenye kinu kilichopinduliwa mbele ya watu wote, atanyolewa nywele zote, atachanjwa na kunyweshwa dawa ili asiweze kuua tena. Unajua anayenyolewa anabaki nani. Hachoti tena tangini kwa mwenzake, haitwi kwenye ngoma ya kuwatoa watoto unyagoni, hapewi mtoto mchanga ashike. Yeye aliyepokea nusu ya watoto wa Chilangala kwa mikono yake. Nilimwambia twende Masasi kama ulivyosema. Alisema mchawi ndiye anayekimbia.

Kwa hiyo sikuombi shuka wala sanduku. Andika mstari mmoja: dumu lilikuwa na dawa, nililituma mimi. Utie saini. Nitaupeleka kwa Mzee Mahmudu, na Jumamosi hakuna atakayekalishwa kwenye kinu. Mpe Haji, yeye hupita Jumatatu na Jumatano.

Yuliana


Masasi
8 Machi 1993

Yuliana,

Hatujambo. Mabel anatembea.

Unaandika kama hakimu, nawe ni mtoto niliyekubeba mgongoni. Unafikiri mstari mmoja ni mstari mmoja? Duka litafungwa, leseni ya dawa itakwenda, na mimi nitakwenda pia. Nililisuuza lile dumu. Siku ile Masasi nzima hapakuwa na maji, nililisuuza kwa kilichokuwapo, nikakwangua karatasi ili mama asiogope. Nilitaka mpate chombo kizuri. Hilo ndilo kosa langu, kupenda mpate kitu kizuri.

Choma barua hii.

Mama ni mzee. Kunyolewa si kufa. Nywele huota.

L.


Chilangala
15 Machi 1993

Mjomba Ladislaus,

Shikamoo. Naiandika kwa kuwa wewe bado ni ndugu wa mama yangu, na kwa kuwa Bibi amesimama nyuma yangu anaangalia kama nimeiandika.

Goti lake limepoa. Mihogo ya kwanza tumechimba. Mvua ya juzi imejaza tangi mpaka likafurika, na Bibi alitoka nje akasimama kulitazama kama mgeni aliyechelewa.

Barua yako ilifika Jumatano. Niliisoma nikiwa nimesimama barabarani, Haji bado ananiambia habari za basi. Nilipofika pale pa nywele huota, nilikaa chini kwenye majani, mbele za watu.

Nilikuwa tayari kukuchukia vizuri, kwa ukamilifu, kama ninavyofanya kila kitu. Lakini nilipoanza nilikuta mbele yangu mtu mwingine amesimama njiani, na mtu huyo ni mimi. Kuna jambo sikukuandikia. Sikumwandikia wala kumwambia yeyote. Wewe ulificha karatasi ya dumu. Mimi nimeficha hili tangu Desemba.

Siku ile Bibi alikuwa amekaa mlangoni kama kawaida yake. Alinyoosha mkono achukue kata. Mimi nilikuwa nimeishika. Nilikuwa nawatazama watu wanaongoja, nikiwaza wageni wako wa mjini, glasi zako ndogo, mwanamke mzee anayekunywa kwanza ili kuonyesha hakuna sumu, na niliona haya. Niliona haya kwa niaba yake. Nikasema kwa sauti ya kusikika na yeye tu, "Bibi, haina haja tena. Mtambo umekwisha kuonja." Akanitazama. Akaurudisha mkono wake mapajani. Nami nikageuka, nikampa Optatus.

Ile kata ilikuwa ya Bibi. Angeinywa yote mpaka kitako. Miezi mitatu nimelala na hesabu hiyo na haijapata jibu: nilimwokoa, niliua, kwa sentensi ileile. Naye walipomuuliza kwa nini hakunywa, alisema sikunywa, basi. Angetaja jina langu mara moja tu, pasingekuwa na mganga. Lakini Aprili nilikuwa naenda chuoni.

Na swali langu la Novemba hukulijibu. Niliona hukulijibu. Nililiona siku ileile niliyopata barua yako, na nikaendelea kumimina.

Alhamisi asubuhi nilikwenda kwa Mama Yeremia. Nilichukua mkono wa dumu nimeufunga kwa kitambaa, na barua yako. Alikuwa anapepeta. Hakunikaribisha, hakunifukuza. Nilipiga magoti kwenye vumbi la pumba nikamweleza yote kwa mpangilio, dumu, mkono wa dumu, kata, maneno niliyomwambia Bibi. Nilimsomea barua yako mpaka mwisho. Alipepeta muda wote niliokuwa nikisema, na nilipomaliza aliendelea kupepeta ingawa ungoni hakukuwa na kitu tena.

Kisha aliuliza, "Alisema nini baada ya kunywa?"

Nikamwambia alisema leo amekuwa askofu.

"Mjinga huyu," alisema. "Hata kanisani alikuwa haji."

Alilia kwa muda ambao sikuupima. Mwanawe Yeremia alitoka ndani, akatuona, akarudi. Baadaye Mama Yeremia alinyanyuka, akaingia ndani, akatoka na kopo la maji. Maji ya tangi alilojenga mumewe. Nilidhani atanimwagia. Alisimama mbele yangu, akaliinua kopo, akanywa yeye kwanza, funda moja, akalimeza nikiliona linashuka. Ndipo akanipa.

Sijui kama huko ni kusamehe. Yeye hakusema hivyo, nami sitasema kwa niaba yake. Nilikunywa.

Jumamosi mganga alikuja na vijana wake na wembe wake. Kinu kilikwisha kupinduliwa. Mama Yeremia alivuka uwanja peke yake, akakaa yeye juu ya kile kinu, akamwambia Mzee Mahmudu kwamba aliyefiwa ni yeye, na yeye hamdai Isabela. Kisha akaniita kwa jina nisimulie, na nilisimulia tena, safari hii mbele ya kijiji kizima. Watu waliniangalia kwa namna ambayo nitaizoea. Mganga aliomba nauli yake.

Tulipofika nyumbani Bibi alikaa mlangoni pake. Alifungua kilemba, akajipitisha mkono kichwani kama anayehakikisha, akasema, "Ulikawia, mwanangu. Lakini sikutaka kukusukuma."

Nilimuuliza kama bado analisikia lile tone. Alisema halijaacha. Mimi pia halijaniacha. Nilidhani litakoma.

Mambo mengine niliyafanya kabla ya Jumamosi. Ijumaa nilikwenda Newala mjini, kituoni, na dumu, na mkono wake, na barua zako zote tatu. Maelezo yangu yalijaza kurasa tano kwa mwandiko wa askari, naye ana mwandiko mkubwa. Nimetia majina mawili, la kwanza ni langu. Wameniambia nisitoke wilayani mpaka nitakapoitwa, kwa hiyo nimekiandikia chuo kwamba Aprili wasinisubiri. Ile khanga nimeirudisha pamoja na barua hii. Mpe mwenyewe, ukipata njia.

Haji amekubali kukupa bahasha hii mkononi. Ndani ya basi lake asubuhi hii wamepanda askari wawili, na dumu limo miguuni mwao. Mimi ndiye niliyelifunga kwa kamba kwenye kiti, lisigongegonge njiani.

Yuliana